Karatasi nyeupe si kipimo cha rangi

Wapiga picha wengi hapa Mwanza tumefundishwa kwamba ukitaka rangi sahihi, piga picha ya karatasi nyeupe, kisha iambie kamera huo ndio weupe. Ushauri huu umezoeleka, lakini una kasoro. Karatasi nyingi za ofisini hutiwa kemikali ya kung'arisha, ambayo hupokea miale ya urujuanimno, isiyoonekana kwa macho, na kuitoa ikiwa mwanga wa buluu. Jua la mchana pale Mwaloni Kirumba, soko letu la samaki, lina miale hiyo tele. Kamera huona ubuluu, hujaribu kuufuta, na dagaa wabichi hutoka na umanjano ambao hawana. Usiku, chini ya taa za LED zisizo na miale hiyo, karatasi ileile hutoa jibu tofauti.

Machweo ya Bismarck Rock, ule mwamba wa ziwani, hayahitaji kipimo chochote. Ukiyasahihisha, utafuta rangi uliyoifuata. Kwa kazi nyingine, nunua kadi ya kijivu ya wapiga picha. Huakisi nyekundu, kijani na buluu karibu sawasawa, na kamera inahitaji usawa huo, si weupe. Mteja akiwa chini ya turubai la buluu, kadi ashike yeye mwenyewe, palepale chini ya turubai.