"Distro maarufu" maana yake inajulikana, basi

Juzi dogo mmoja kaniletea laptopu, HP ya mtumba yenye RAM GB 4, kaiweka mezani kaniambia fundi nipigie CachyOS, yaani nimuinstolie, ni aina mojawapo ya Linux. Nikamuuliza kwa nini hiyo na sio Mint, Linux nyingine ambayo nawapigia watu kila siku, akaniangalia kama mzee wa kale, "Mint ishapitwa kitambo bro, CachyOS ndo inatumiwa na watu wengi zaidi duniani, cheki DistroWatch, namba moja." DistroWatch ni saiti inayoorodhesha hizi aina za Linux, tutafika. Sikubishana naye maana mteja ni mteja, ila hiyo kauli nishaisikia mara nyingi mno, miaka michache nyuma ilikuwa hivyohivyo ila jina lilikuwa MX Linux, na kabla ya hapo Manjaro, na kila mara anayesema ana uhakika kabisa kwamba dunia nzima imehama usiku wa jana. Sasa leo acha niandike kuhusu hizi "distro maarufu", nikiulizwa tena niwe natuma hii tu.

Distro kwanza, fasta. Linux yenyewe ni kiini tu, ile programu ya chini kabisa inayoongea na vifaa vya kompyuta, Linus Torvalds aliitangaza Agosti 1991 akiwa mwanafunzi kule Helsinki. Kiini kitupu hukifanyii kitu. Watu wanakichukua, wanakifungashia programu nyingine, muonekano wa deskitopu, njia ya kukiinstoo na ghala la kuvutia apdeti, halafu wanakigawa. Hicho kifurushi kizima ndo distro, neno limekatwa tu kwenye Kiingereza distribution, yaani usambazaji. Debian ni distro, Fedora ni distro, Ubuntu, Mint, Arch, ziko mamia. Android nayo ina kiini hichohicho na wengi hawaiiti distro, ila hilo tuliache, ni ugomvi wa siku nyingine. Kwenye distro hakuna utata. Utata uko kwenye neno la pili ambalo watu wanalipita kama vile wanalijua, MAARUFU.

Maarufu tumelitoa Kiarabu, na kule ni "kinachojulikana". Mzizi wake ndo huohuo uliotupa arifu, taarifa na maarifa, yaani ukoo mzima ni wa kujua na kujulishana, humo ndani hamna kutumia wala kupenda. Mtaani kwetu zamani kulikuwa na mwizi maarufu, watoto kwa wazee wote wanamjua kwa jina na kwa mwendo, na sijawahi kusikia aliyemkaribisha chai. Waingereza wao neno lao la namna hii, popular, limetoka kwenye Kilatini cha "watu", ndo maana wakilitumia wanamaanisha kitu kiko kwa watu, wengi wanacho au wanakipenda. Sasa sisi tukitafsiri vichwa vya habari vyao tunachomeka maarufu bila kufikiria, na neno letu linabebeshwa mzigo ambao sio wake, wakati maneno tunayo, kuna pendwa, kuna inayotumika sana, kuna inayoongoza sokoni, kila moja na kazi yake.

(Waliokaa madrasa najua watanikumbusha kuna kuamrisha maarufu na kukataza munkari, na hapo maarufu ni mema. Ni kweli, na bado hatujatoka kwenye kujua, jema ni lile linalotambulika na watu kuwa ni jema. Ila usinichukulie hiyo ukasema distro ikiwa maarufu basi ni njema, hapana.)

Turudi kwa DistroWatch. Hiyo saiti aliianzisha jamaa anaitwa Ladislav Bodnar mwaka 2001, na kila distro imepewa ukurasa wake wa maelezo. Ukifungua ukurasa wa CachyOS umehesabiwa mbofyo mmoja, anwani moja ya IP (ile namba unayoonekana nayo mtandaoni) haihesabiwi zaidi ya mara moja kwa siku kwa distro hiyo, halafu wanatoa wastani wa mibofyo kwa siku, na ile orodha unayoikuta pembeni ukifungua tu saiti ni ya miezi sita ya nyuma. Basi. Hakuna sehemu inayoangalia kama umeshusha, kama umeinstoo, kama ulifungua ukacheka ukafunga. Na wenye saiti wala hawajaficha, wameandika wenyewe kwamba hizo namba ni za kujifurahisha, haziendani na utumiaji wala ubora, watu wasizitumie kupimia soko. Sijui nani anasoma hayo maelezo, naona ni mimi na wao. Halafu kwa sisi tunaotumia bando la simu kuna kituko kingine, mitandao ya simu mara nyingi inawapitisha wateja wengi kwenye anwani moja ya IP, kwa hiyo hosteli nzima inaweza kufungua ukurasa mmoja usiku mmoja ikahesabiwa kama mtu mmoja.

Na hapa ndo nalipenda hili neno letu. Ile orodha kinachopimwa ni watu wangapi kwa siku wametaka KUJUA kuhusu distro fulani, yaani ni orodha ya umaarufu kwa maana ileile ya mzizi, kuliko hata wenye Kiingereza wanavyoweza kuisema. Kosa linaanza pale mtu anapotoka kwenye kujua anarukia kwenye kutumia bila daraja.

Nikupe watu wawili. Kuna mama ana stesheneri karibu na shule, nilimtolea Windows iliyokuwa inaganda nikampigia Mint, sasa huu ni mwaka wa tatu anachapa humo barua za maombi ya kazi, anaprinti mitihani, anascan vitambulisho, kutwa nzima. Hajui kama inaitwa Mint. Akinipigia simu ananiambia "mwanangu, ile Windows yako ya kijani imeleta tena kale kangao pale chini, nikabonyeze au nikaache?" Kangao ni ile alama ya apdeti. Huyu mama anatumia Linux masaa kumi kwa siku na DistroWatch haina mbofyo wake hata mmoja, wala haitakaa iupate. Upande wa pili yuko yule dogo, ambaye kwa maneno yake mwenyewe ile orodha anaifungua kila siku, ameshachungulia distro hata kumi na tano, na laptopu aliyoniletea ilikuwa na Windows 10 toka ainunue. Kwenye hesabu yeye ndo anaonekana, mama hayupo.

Sisemi orodha haina maana, ina maana yake kama unajua unasoma nini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 juu kabisa alikuwa Mandrake, distro ya Wafaransa ambayo leo ukimtajia kijana anadhani ni jina la dawa. Ubuntu ilitoka Oktoba 2004, ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake sisi hatuhitaji kamusi, ni utu tu kwa lugha za ndugu zetu wa kusini, wakawa wanatuma CD bure kwa posta mpaka huku kwetu, ikakaa kileleni toka 2005 miaka kama sita. Halafu Aprili 2011 wakabadilisha deskitopu wakaleta Unity, ile yenye mstari wa vitufe kushoto, watu wakachukia haswa, na mwaka huohuo Mint ikapanda juu. Hiyo ilikuwa habari ya kweli, watu walikuwa wamekasirika na wanatafuta pa kuhamia. Lakini kutafuta nyumba sio kuhama, wengi walichungulia Mint wakarudi kulalamika wakiwa ndani ya Ubuntu ileile. Baadaye Manjaro, kisha MX ikakaa juu miaka, kisha Mint tena, na 2025 CachyOS. Sina ugomvi na MX, ni distro nzuri sana kwa mashine chovu, ila muulize fundi yeyote kipindi kile MX ni namba moja amepiga ngapi. Kuna wakati namba moja inabofywa kwa sababu ni namba moja, kila mgeni anayefika anataka kujua huyu aliyekaa juu ni nani, na kwa kuuliza huko anamuongezea.

Vipimo vingine navyo kila kimoja kina bingwa wake. Kwenye takwimu za Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, Linux ilivuka asilimia 3 kwa mara ya kwanza Oktoba 2025, na humo ndani anayeongoza ni SteamOS, distro ya wenye Steam wenyewe, kwa sababu ya kile kimashine cha mkononi Steam Deck, ambacho wenye nacho wengi wanakiona kama kifaa cha gemu tu. StatCounter, wanaopima matembezi ya saiti, waliipa Linux zaidi ya asilimia 4 ya deskitopu duniani Februari 2024, ila wao wanahesabu kurasa zilizofunguliwa, na asilimia hiyo haikwambii ni distro ipi. Debian wana kiprogramu chao cha kuhesabu, kinakuuliza kwanza wakati wa kuinstoo na jibu lililowekwa tayari ni hapana, na kwa heshima zote mtu wa Debian hilo hapana halibadilishi.

Na kusema ukweli haiwezi kuwa rahisi, maana distro haina risiti. Mimi faili la Mint nililishusha mara moja, kwa bando la usiku, likaingia kwenye fleshi, na hiyo fleshi moja imeshapiga laptopu nimeacha kuhesabu, hasa toka Microsoft waliposimamisha apdeti za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 na mashine nyingi za mtumba hazikubali Windows 11. Kwa waliolitoa faili, hao wote ni mshusho mmoja.

Kwa hiyo dogo, kama unasoma, wala hukukosea sana. Ukisema CachyOS ni distro maarufu sasa hivi uko sahihi kabisa, siwezi kukukatalia, inajulikana, inaulizwa, inasemwa. Ukitaka kuwa makini zaidi sema ndo inayochunguliwa zaidi DistroWatch kwa hii miezi sita. Ile ya "inatumiwa na watu wengi zaidi duniani" tu ndo naomba uiweke pembeni, maana hapo hakuna aliyehesabu. Na CachyOS yako nimeshaipiga kama ulivyotaka, njoo uichukue jioni, RAM 4 utaisikia yenyewe. Hiyo moja angalau nimeihesabu mimi.