Jino likitia ganzi, ufizi ukitoa damu

Embe mbichi kwa chumvi na pilipili humtia ganzi yeyote akizidisha, na kesho yake ganzi imeisha. Ya kuangaliwa ni ile inayokuja kwa funda moja la maji ya friji, kwa upepo wa bodaboda, au mswaki ukigusa pembeni mwa chonge, kisha ikarudi wiki hadi wiki.

Sehemu ya jino inayoonekana imevikwa koti gumu la enameli, ambalo halina hisia. Chini yake kuna dentini, iliyojaa vijitundu makumi ya maelfu katika kila milimita ya mraba, vyote vikielekea kwenye kiini chenye neva. Vijitundu hivyo vina majimaji. Baridi, upepo au utamu huyasogeza, neva ikashtuka, nawe ukaruka. Mzizi hauna enameli kabisa, ndiyo maana ufizi ukirudi nyuma hata kidogo, ganzi huanzia hapo shingoni mwa jino. Maumivu yake ni makali lakini ni ya sekunde chache, na hukoma kichokozi kikiondoka.

Mara nyingi kinachoifunua dentini ni mkono mzito. Simama mbele ya kioo, vuta shavu, upitishe ukucha polepole juu ya chonge na meno mawili yanayofuata, kuelekea kwenye ufizi. Ukucha ukikwama kwenye kifereji karibu na ufizi, hiyo huwa kazi ya mswaki mgumu unaosukumwa kwenda na kurudi kama msasa. Anayetumia mkono wa kulia mara nyingi huliwa zaidi upande wa kushoto. Mkaa wa unga na chumvi huharakisha uharibifu huo. Madoa ya kahawia waliyo nayo wakazi wengi wa Arusha na Kilimanjaro yanatokana na madini ya floridi kuzidi katika maji waliyokunywa utotoni, meno yakiwa bado yanaumbika. Si uchafu. Ukiyasugua kwa mkaa utaondoa enameli na kuyaacha madoa.

Kitu cha pili kinachoifunua dentini ni tindikali: soda, ndimu, juisi ya ukwaju, kiungulia na matapishi. Soda moja inayonywewa kidogo kidogo mchana kutwa huharibu kuliko ile iliyonywewa pamoja na chakula ikaisha. Baada ya vitu hivyo sukutua kwa maji matupu, ungoje angalau nusu saa kabla ya kupiga mswaki, kwa sababu enameli iliyolainika hukwanguka kirahisi.

Damu ya fizi ina chanzo kingine. Ukoga ukikaa kwenye mpaka wa jino na ufizi, ufizi huvimba, huwa mwekundu na hutoa damu ukiguswa. Wengi wakiona damu huruka sehemu ile, na ukoga unazidi, ugonjwa nao unazidi. Papige mswaki hapohapo, kwa upole. Kama ni uvimbe wa ukoga tu, damu hupungua ndani ya wiki moja au mbili. Ukoga ulioganda ukawa ugaga hautoki kwa mswaki, unahitaji kukwanguliwa kliniki. Baada ya hapo meno huweza kutia ganzi siku kadhaa na mianya kuonekana, na ndipo husemwa kwamba kusafisha meno kunayalegeza. Mianya ilikuwapo, ugaga ndio uliokuwa umeiziba. Mvuta sigara asijipe moyo kwa kutoona damu, maana tumbaku huificha. Mwenye kisukari na mjamzito huvimba fizi upesi zaidi.

Chukua mswaki wa nywele laini, uushike kwa ncha za vidole kama kalamu. Ulaze nyuzi 45 kuelekea ufizi, utikise kwa mizunguko midogo, meno mawili au matatu kwa wakati mmoja, dakika mbili nzima, asubuhi na usiku. Nywele zikitawanyika kabla ya miezi mitatu, unakandamiza. Dawa ya meno iwe na floridi sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa milioni. Dawa ya meno ya kuzuia ganzi, yenye potasiamu naitreti, hutuliza neva taratibu, kwa wiki mbili hadi nne; anayeijaribu siku tatu akaitupa hajaijaribu. Ukimaliza tema povu, usisukutue. Usiku unaweza kupaka kidogo kwa kidole penye ganzi ukalala nayo. Wiki nne zikipita bila nafuu, mtaalamu wa kinywa anaweza kupaka floridi nzito au kuziba kifereji.

Usingoje wiki hizo iwapo jino linaendelea kuuma baada ya baridi kuondoka, linauma kwa chai ya moto, linakuamsha usiku, au linachoma unapotafuna upande mmoja. Hapo kiini kimeguswa au jino lina ufa, na dawa ya meno ya kuzuia ganzi itakupotezea muda tu. Uvimbe wa shavu wenye homa, au unaozuia kumeza, ni wa kwenda hospitali siku hiyohiyo. Njiani usibandike aspirini kwenye ufizi. Kidonge hicho hufanya kazi kikimezwa. Kikiachwa hapo huunguza nyama ikawa nyeupe na kuchubuka, na unafika kliniki na vidonda viwili badala ya kimoja.