Je, wajua kwa nini Emma ya kava la karatasi inasakwa kuliko ya ngozi?

Chukua nakala mbili za Emma, riwaya ya mwandishi Mwingereza Jane Austen, zote toleo la kwanza la Desemba 1815, uziweke mezani. Moja imejalidiwa kwa ngozi, mgongoni ina nakshi za dhahabu, inang'aa. Ya pili ina kava la karatasi ya kijivu iliyogundishwa juu ya kadibodi ngumu, mgongo umepasuka, kurasa hazilingani, huu mrefu huu mfupi, kisu hakijawahi kuzipitia. Wengi tungekimbilia ya ngozi, lakini wakusanyaji wa vitabu macho yao yote yako kwenye hiyo iliyochakaa.

Kwa wasioijua stori, Emma Woodhouse ni binti wa kitajiri pale Highbury, Uingereza, anayejifanya mshenga wakati hakuna aliyemtuma, anamkataza rafiki yake Harriet kumkubali mkulima anayempenda kweli alafu anamsukumia mchungaji wa kanisa, kumbe mchungaji mwenyewe anamtaka Emma. Tamu sana.

Sasa turudi kwenye kava. Mchapishaji John Murray wa London alitoa nakala 2,000, kila moja juzuu tatu, bei shilingi 21, hela ambayo kibarua wa shambani hakuipata kwa wiki nzima. Na ukishatoa hela yote hiyo unapewa kitabu chenye kava la muda tu, la kukishikilia kisisambaratike mpaka ukipeleke kwa fundi wako wa kujalidi, naye anang'oa ile karatasi anatupa, anakata kingo za kurasa ziwe sawa, anavisha ngozi ili kifanane na wenzake kabatini. Mara nyingi alitupa hata ule ukurasa wa mbele kabisa wenye jina la kitabu peke yake, aliona hauna kazi. Ndo maana leo ukiupata huo ukurasa ukiwa mzima bei inapanda, na nakala yenye kava lake la awali ni adimu kabisa, maana lazima iwe ile ambayo mwenyewe hakuwahi kuifikisha kwa fundi. Hilo linanigusa mno, kushika kitu vile vile kilivyotoka dukani zaidi ya miaka 200 iliyopita.

Ngozi nayo ina heshima yake lakini. Mwana wa mfalme aliyekuwa anatawala kwa niaba ya baba yake alipelekewa seti ya ngozi nyekundu, na kitabu kikatabarukiwa kwake, ingawa Austen hakumpenda hata kidogo, aliombwa kwa namna ambayo kukataa kusingewezekana. Ukifungua juzuu ya kwanza jina la cheo chake lipo, la Austen halipo popote, imeandikwa tu kwamba ni kazi ya mwandishi wa Pride and Prejudice, riwaya yake nyingine. Na usishtuke ukikuta mwaka 1816, mchapishaji aliweka mwaka uliokuwa unaingia.

Austen alipata nakala 12 za kugawa. Moja alimpa Anne Sharp, rafiki yake aliyekuwa mwalimu wa watoto kwenye nyumba za watu, na mwaka 2008 nakala hiyo iliuzwa mnadani London kwa pauni 180,000. Ndani yake kuna maneno "kutoka kwa mwandishi", tena mwandiko si wa Austen, ni wa ofisini kwa mchapishaji.