Boti Kukaa Kimya Hakumaanishi Seva Iko Hewani

Wateja wanaofuatilia seva zao (kompyuta zinazoendesha huduma zao za mtandaoni) kwa boti ya Telegram, yaani programu inayotuma ujumbe yenyewe, huniambia jambo lilelile kila mara: "Boti haijatuma ujumbe, kwa hiyo seva ni nzima." Nimechoka kulisikia, kwa sababu mara nyingi ninapoingia kwenye mashine yao ninakuta boti imewekwa ndani ya seva ileile inayoilinda. Seva ikizimika, boti huzimika nayo, na mlinzi aliyetakiwa kupiga kelele huwa wa kwanza kunyamaza.

Ukweli ni kwamba Telegram hufikisha tu ujumbe iliokabidhiwa; anayekagua ni programu inayoita seva kila baada ya dakika moja au mbili, na programu hiyo ni lazima ikae kwenye mashine nyingine, tena kwa mtoa huduma mwingine. Hata hapo mkaguzi mmoja hatoshi. Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika tarehe 12 Mei 2024, intaneti ilidorora Kenya, Tanzania na kwingineko, na katika hali kama hiyo mkaguzi aliyeko Ulaya pekee hawezi kujua kama kilichoharibika ni seva ya Dar es Salaam au ni njia ya kuifikia. Mkaguzi wa pili aliyeko nchini ndiye anayetoa jibu.

Aidha, ninasisitiza kuwepo ujumbe wa uhai: kila siku saa mbili asubuhi boti iandike, "Nipo; tangu jana nimekagua mara 1,440." Siku ujumbe huo usipofika, muulize mkaguzi kwanza, si seva.

Wengine hudai kwamba seva ikijibu pingi (ishara fupi ya kuuliza kama mashine ipo mtandaoni), huduma inafanya kazi. Sivyo, kwani mfumo endeshi hujibu pingi hata diski ikiwa imejaa na hifadhidata imekwama. Kagua ukurasa wa kuingia wenyewe, upate namba 200 (jibu la seva kwamba ombi limefanikiwa) pamoja na neno linalopaswa kuonekana hapo.

Wapo pia wanaotaka kila kosa dogo litangazwe kwenye kundi la Telegram la mafundi, na matokeo yake mafundi hao hulizimia kundi sauti. Tuma taarifa baada ya ukaguzi kushindwa mara tatu mfululizo, kisha nyingine moja huduma inaporejea.

Na asilimia 99 ya upatikanaji wa huduma, inayosifiwa sana kwenye mikataba, inaruhusu saa 7 na dakika 12 za kutokuwepo hewani katika mwezi wa siku 30.