Je, wajua kwa nini Vitz yako haihitaji petroli ya oktani ya juu, hasa hapa Nakuru?

Kuna jamaa anaendesha teksi hapa Nakuru, ana Vitz, na kila tarehe 14 EPRA, ile mamlaka ya serikali ya kawi, ikitangaza bei mpya ya mafuta anaanza kupiga hesabu upya. Juzi akaniambia atendanti mmoja wa pampu amemshawishi ajaribu ile petroli spesheli ya oktani ya juu, ati gari itakula mafuta kidogo na ipande mlima vizuri. Akaniuliza kama ni ukweli. Kwa Vitz si ukweli, na inaniuma mtu wa teksi akitoa pesa hapo bure.

Iko hivi. Pistoni ikipanda inafinya mchanganyiko wa hewa na petroli, unashika joto sana, halafu plagi inatoa cheche na moto unasambaa kutoka hapo. Sasa petroli ikiwa haiwezi kuvumilia kufinywa, ile sehemu moto haujafika inalipuka yenyewe, ndio unasikia tik tik tik kama misumari kwa mkebe, hasa ukiwa umebeba watu wanne na mizigo na unapanda. Hiyo mafundi wanaita nok, na ikiendelea sana inaharibu pistoni. Oktani ni namba ya kuonyesha petroli inavumilia kufinywa kiasi gani basi. Walichukua heptani, ambayo inalipuka upesi, wakaipa 0, wakachukua isooktani, ambayo ni mvumilivu, wakaipa 100, na petroli zingine zinalinganishwa na hizo mbili. Hakuna mahali hiyo namba inapima nguvu. Lita ya 95 haina moto mwingi kuliko lita ya 91, kwa hivyo injini ambayo haikuwa inapiga nok haitapata kitu mpya. (Na ukiona video ya Mmarekani anasema gari yake inatumia 87 usishtuke, wao wanapima kwa njia nyingine, hiyo 87 yao ni kama 91 au 92 kwa kipimo cha huku.)

Magari yetu mengi yametoka Japani, na huko petroli ya kawaida inaanzia 89, ile ya juu 96. Vitz, Probox na Fielder za kawaida zilitengenezewa ile ya chini. Super yetu, yaani petroli ya kawaida ya pampu, tayari iko juu ya hapo! Fungua kile kifuniko cha tangi uangalie stika: ukiona レギュラー, hiyo ni ya kawaida, ukiona プレミアム au ハイオク, hiyo kweli inataka ya juu. Hapo ndipo utakuta Forester XT yenye turbo, Golf TSI, Audi, na hao wenyewe wasibane hiyo pesa, maana sensa ikisikia nok kompyuta inachelewesha cheche, nguvu inapungua na mafuta yanaenda zaidi.

Halafu kuna kitu napenda sana kuhusu huku kwetu. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari, na presha ya hewa imepungua kama moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Injini isiyo na turbo inavuta hewa nyepesi, inafinya kidogo, nok inakuwa ngumu kutokea, kwa hivyo gari ile ile inahitaji oktani ndogo huku kuliko Pwani. Ukipita Salgaa ukielekea Mau Summit gari inachoka juu ya hiyo hewa nyepesi na mlima, si petroli, na ukishuka Kisumu, kama mita 1,130, unaona nguvu imerudi. Turbo ni hadithi nyingine, inajisukumia hewa yenyewe.

Kuhusu bei, ile orodha ya EPRA inaweka kikomo kwa super, dizeli na mafuta taa, hizi spesheli haziko humo. Tuseme tofauti ni shilingi 20 kwa lita, tangi ya lita 40 ni 800 kila ukijaza.

Lakini kama Vitz imeanza tik tik ghafla baada ya kujaza mahali fulani, hiyo usipuuze. Mafuta taa yana oktani ya chini sana na kuna watu wanachanganya, ndio maana 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili isilipe kuchanganya. Nilipomuuliza huyo jamaa vizuri, kumbe tik tik ilianza wiki ile alihamia pampu nyingine kando ya barabara, juu ya foleni fupi. Nikamwambia arudi kwa ile ya zamani, ajaze super ya kawaida, aweke risiti, na kama kelele itabaki aende kwa fundi aangalie plagi na kaboni kabla hajaongeza hata shilingi moja kwa pampu.