Je, wajua kwa nini daktari mmoja aliweza kufunga vituo vya kura vya jimbo zima?

Kwangu kulikuwa kunapambazuka tarehe 17 Machi 2020. Kwake Columbus, Ohio, ulikuwa bado usiku wa tarehe 16. Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, akaniandikia: "Kesho hakuna kura. Daktari kafunga vituo." Nikamuuliza daktari gani. "Wa jimbo." Nikamjibu, kwa uhakika wa mtu asiyejua, kwamba kasoma vibaya. Marekani mwenye ubavu wa kufanya jambo zito namna hiyo ni rais, na kama si rais basi ni wale wa CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa kilichoko Atlanta. Daktari wa jimbo, nikamwambia, kazi yake itakuwa kukagua mahoteli.

Dada alikuwa sahihi. Amy Acton, daktari aliyekuwa mkurugenzi wa afya wa Ohio, alikuwa ametia saini amri ya kufunga vituo vyote vya uchaguzi wa mchujo, saa chache kabla havijafunguliwa. Mapema jioni hiyo jaji mmoja wa Columbus alikuwa amekataa ombi la kuahirisha uchaguzi huo. Gavana Mike DeWine alitaka uahirishwe, lakini yeye mwenyewe hakuwa na uwezo wa kuuahirisha. Ikabaki saini ya daktari. Kabla hakujakucha Ohio, Mahakama ya Juu ya jimbo ikakataa kuizuia amri ile, na uchaguzi ukaja kukamilishwa mwishoni mwa Aprili, kura nyingi zikipigwa kwa posta.

Nilikaa na aibu yangu siku mbili tatu, kisha nikaanza kusoma. Nadhani kosa langu linaeleweka. Sisi tumezoea waziri wa afya akisema, nchi nzima inasikia, na bwana afya wa mtaani ni mkono wa waziri tu. Halafu televisheni nayo inachangia: ukionyeshwa mlipuko wa ugonjwa Marekani, utamwona rais kwenye jukwaa, na nyuma yake wataalamu wa Atlanta. Wakati mwingine yupo pia yule daktari mkuu wa serikali ya shirikisho aliyevaa sare kama ya jeshi la majini. Mtu mwenye sare ile lazima anatoa amri, au sivyo? Sivyo. Ana sauti, na sauti hiyo imewahi kufanya makubwa, kwa mfano ripoti ya mwaka 1964 kuhusu sigara na saratani ya mapafu, lakini hawezi kukufungia duka lako.

CDC nao, kwa sehemu kubwa, hutoa mwongozo. Neno hilo nililisikia mara mia mwaka 2020 bila kulisikia hasa. Mwongozo si amri. Wana amri chache za kweli, zinazotokana na sheria ya mwaka 1944: kumzuia mgonjwa anayeingia kutoka nje ya nchi, au anayevuka kutoka jimbo moja kwenda jingine. Septemba 2020 waliinyoosha sheria hiyo na kuzuia wapangaji wasifukuzwe majumbani, hoja yao ikiwa kwamba mtu aliyefukuzwa hubeba ugonjwa anakokwenda. Agosti 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema wamevuka mpaka.

Sasa kwa nini iwe hivyo, mkubwa akose mamlaka na mdogo awe nayo?

Chukulia majirani kumi na watatu, kila mmoja na nyumba yake, jiko lake na kisima chake. Wamechoka kuishi bila ulinzi, wanakubaliana kujenga ukuta mmoja na kuajiri mlinzi wa lango kuu. Wanamwandikia kazi zake: aangalie nani anaingia kutoka nje, asimamie njia zinazounganisha nyumba, akusanye mchango. Halafu wanaongeza sentensi moja chini ya karatasi: lolote ambalo hatukukuandikia limebaki letu. Mlinzi huyo anaweza kumzuia langoni mgeni mwenye kipindupindu. Anaweza kumsimamisha mgonjwa njiani kati ya nyumba ya tatu na ya nne. Lakini kuingia jikoni kwa mtu akamwaga pilau lililochacha, hawezi, hata kama harufu inamfikia pale langoni.

Majirani ni majimbo, mlinzi ni serikali ya shirikisho ya Washington, na sentensi ile ya chini ya karatasi ni Marekebisho ya Kumi ya Katiba ya Marekani, ya mwaka 1791. Mwaka 1824 Jaji Mkuu John Marshall aliitia nguvu kwa kutaja sheria za karantini na za afya miongoni mwa mambo yaliyobaki mikononi mwa majimbo. Wanasheria wa huko huyaita mamlaka hayo ya jikoni kwa jina linalopotosha kabisa, "mamlaka ya polisi", ingawa yanahusu afya na usalama wa watu kwa ujumla. Jimbo la Massachusetts liliunda bodi yake ya afya mwaka 1869, wakati serikali ya Washington haina hata wazo la kuwa na CDC.

Lakini mwenye nyumba hapiki mwenyewe. Mwenye nyumba hapa ni bunge la jimbo, na msimamizi wa jikoni ndiye kamishna wa afya, yaani mkuu wa afya wa jimbo. Mara nyingi gavana ndiye anayemteua, ila funguo anazobeba ni za bunge, na kila ufunguo una kibandiko chake: huu wa kutenga wagonjwa, huu wa kufunga mahali pa mkusanyiko, huu wa kufunga kisima chenye sumu. Sheria ya Ohio ilikuwa imeandika kwamba idara ya afya ina mamlaka ya mwisho katika mambo ya karantini. Acton hakuvunja mlango wowote usiku ule. Alikuwa na ufunguo ambao gavana aliyemteua hakuwa nao, jambo ambalo bado linanichekesha.

(Majina yatakuchanganya. New York na New Jersey wana kamishna, Ohio wana mkurugenzi, Wisconsin wana katibu. Na huko Ohio, cheo cha kamishna wa afya ni cha mkuu wa afya wa wilaya. Wala wote si madaktari.)

Ufunguo wenyewe una nguvu kiasi gani? Kesi inayotajwa kila mara ni ya mchungaji Henning Jacobson, aliyekataa chanjo ya ndui mjini Cambridge, Massachusetts. Mwaka 1905 Mahakama ya Juu ilimshinda kwa kura 7 dhidi ya 2 na kusema jimbo lina haki ya kulazimisha chanjo wakati wa mlipuko. Hapa nako nilikosea zamani, nikidhani kesi hiyo inaruhusu mtu akamatwe na kudungwa sindano kwa nguvu. Aliyekataa alitakiwa kulipa faini ya dola 5. Ubishi wote ule, hadi mahakama ya juu kabisa ya nchi, ulikuwa juu ya dola tano.

Na mlango ukishafunguliwa, jaji huja kukagua kitasa. Oktoba 2014 muuguzi Kaci Hickox alirudi kutoka Sierra Leone alikokuwa akiwahudumia wagonjwa wa Ebola. Akiwa hana ugonjwa, New Jersey ikamweka kwenye hema la hospitali mjini Newark kwa siku kadhaa. Alipofika kwao Maine, kamishna wa huko, Mary Mayhew, alitaka aendelee kujitenga, na kwa sheria ya Maine ilibidi aende mahakamani kuomba. Tarehe 31 Oktoba jaji alimkatalia: mwanamke huyu hana dalili, kwa hiyo haambukizi, apimwe kila siku, atoe taarifa akisafiri, basi. Jaji huyohuyo alikiri kwamba hofu ya watu huenda haina mantiki, lakini ipo, na akamtaka Hickox aiheshimu.

Wisconsin ilikwenda vibaya zaidi. Amri ya watu kubaki majumbani ilisainiwa na mkuu wa idara ya afya, Andrea Palm, na tarehe 13 Mei 2020 mahakama ya juu ya jimbo ikaifuta kwa kura 4 dhidi ya 3. Ufunguo ulikuwepo, walisema majaji wengi, ila Palm hakufuata taratibu za kutunga kanuni kabla ya kuuzungusha. Jioni hiyohiyo baa zikaanza kujaa.

Kuna kitu kimoja ambacho funguo hizi hazina, nacho ni pesa. Hilo lilionekana Love Canal, mtaa wa mji wa Niagara Falls, New York. Kati ya mwaka 1942 na 1953 kampuni ya Hooker Chemical ilizika kwenye mfereji wa zamani takataka za kemikali zipatazo tani 21,000, kisha ikauza kiwanja kwa bodi ya shule kwa dola 1. Shule ikajengwa, nyumba zikafuata. Tarehe 2 Agosti 1978 kamishna wa afya wa jimbo, Robert Whalen, alitangaza dharura: shule isifunguliwe, na wajawazito pamoja na watoto wa chini ya miaka 2 washauriwe kuhama.

Hebu uwe mama mwenye mtoto wa miaka 3 na unasikia tangazo hilo. Wakazi, Lois Gibbs akiwa mbele, walikuwa wamesafiri hadi Albany, makao makuu ya jimbo, kulisikia, na hasira zao zilikuwa za kupindukia. Kwa kamishna, mstari wa miaka 2 ulikuwa wa kitaalamu: anza na walio hatarini zaidi. Kwa mzazi ulikuwa upuuzi. Na waliotakiwa kuhama wangehamia wapi, kwa fedha za nani? Kamishna hakuwa na jibu, kwa sababu jibu halikuwa lake. Siku 5 baadaye Rais Jimmy Carter alitangaza dharura ya shirikisho ili fedha za Washington zisaidie, na Gavana Hugh Carey akasema jimbo litazinunua nyumba za familia 239 zilizo karibu na mfereji. Mlinzi wa lango, kumbe, ana kazi: ndiye mwenye mfuko. Kuhusu madhara yenyewe tuwe waangalifu, maana tafiti za miaka ile zilibishaniwa vikali. Kilicho wazi ni kwamba kemikali zilikuwa zimefika kwenye vyumba vya chini vya nyumba za watu.

Siku zisizo na dharura, ambazo ndizo nyingi, kamishna husimamia mambo yasiyopigwa picha: leseni za hospitali, maabara, orodha ya magonjwa ambayo daktari analazimika kuyaripoti, matone ya damu yanayochukuliwa kwenye kisigino cha kila mtoto mchanga ili kutafuta magonjwa ya kurithi, na kumbukumbu za vizazi na vifo.

Acton alijiuzulu Juni 2020, baada ya waandamanaji kufika hadi nyumbani kwake. Machi 2021 bunge la Ohio, likiipiku kura ya turufu ya gavana, lilipitisha sheria inayoliruhusu lenyewe kufuta amri za afya. Mwenye nyumba alikuwa amebadilisha kitasa.

Mwaka huo huo dada alijifungua mtoto wa kike. Akanitumia picha ya cheti cha kuzaliwa, na chini yake kaandika: "Soma vizuri ofisi iliyotoa, usije ukasema ni ya rais."