Korona kwa anayeishi na VVU: yanayosemwa na yanayojulikana

Korona ilipoanza kusambaa mwaka 2020, watu wanaoishi na VVU waliambiwa mambo mawili yasiyopatana: kwamba wao ndio watakaoondoka wa kwanza, na kwamba ARV (dawa za kufubaza VVU) wanazomeza zitawakinga. Yote mawili hayakuwa kweli. Dharura ya kimataifa ilitangazwa kumalizika Mei 2023, ila kirusi chenyewe bado kipo, na uvumi nao bado unatembea.

"Anayemeza ARV hapati korona"

Uvumi huu una chanzo. Madaktari wenyewe ndio waliowapa wagonjwa wa korona lopinavir na ritonavir, dawa za VVU za siku nyingi. Hoja yao ilikuwa hivi: VVU hutumia kimeng'enya kiitwacho protease kukata protini zake ili kuunda virusi vipya, na dawa hizo hukizuia. Korona nayo ina protease. Kumbe ni mikasi miwili ya maumbo tofauti, na dawa iliyotengenezwa kuukwamisha mmoja haikuukwamisha ule mwingine.

Jaribio la Wuhan lenye wagonjwa 199, lililochapishwa Machi 2020, halikuonyesha nafuu. Jaribio la RECOVERY la Uingereza, lililowapa dawa hizo wagonjwa zaidi ya 1,600, likafikia jibu hilohilo Juni. Julai, Shirika la Afya Duniani (WHO) likaziondoa kwenye jaribio lake la Solidarity. Kwa hiyo anayemgawia nduguye vidonge vyake ili "vimkinge" anapata hasara mara mbili: ndugu hakingiki, na yeye mwenyewe anakatisha dozi.

Cha ajabu, ritonavir imerudi kupitia mlango mwingine. Imo ndani ya Paxlovid, dawa ya korona, ingawa humo haipambani na kirusi. Inalizuia ini lisiivunje haraka nirmatrelvir, ambayo ndiyo dawa yenyewe. Anayetumia ARV zenye ritonavir au cobicistat (inayofanya kazi kama hiyo) haziachi kwa sababu amepewa Paxlovid. Shida iko kwenye dawa nyingine: rifampicin ya kifua kikuu haichanganywi nayo, na baadhi ya dawa za kolesteroli na za moyo husimamishwa kwa muda. Mweleze daktari kila unachomeza, hata kile ambacho hukuandikiwa na hospitali.

"VVU ukijumlisha korona ni kifo"

Wa upande wa pili husema VVU haviongezi hatari yoyote. Takwimu zinawakatalia wote. Katika jimbo la Western Cape, Afrika Kusini, uchambuzi wa mwaka 2020 ulionyesha kuwa anayeishi na VVU alikuwa na hatari ya kufa kwa korona karibu mara mbili ya asiye navyo. Mwaka uliofuata WHO ilichambua taarifa za wagonjwa zaidi ya 15,000 wenye VVU waliolazwa katika nchi 24, na kukuta uwezekano wa kufia hospitalini umepanda kwa takriban asilimia 30, baada ya kuzingatia umri na magonjwa mengine. Ongezeko lipo. Lakini Western Cape hiyohiyo, uzee na kisukari kisichodhibitiwa viliongeza hatari kuliko VVU, tena kwa mbali.

Jambo linalonikera katika mazungumzo haya ni kuwaweka wote kwenye kapu moja. Chukua majibu ya maabara ya watu wawili. Wa kwanza ana CD4 (seli za kinga ambazo VVU huzishambulia) 650 na virusi havionekani kwenye kipimo. Ana miaka 30, hana presha wala kisukari. Wa pili ana CD4 90, aliacha dawa miezi kadhaa iliyopita, na aliwahi kuugua kifua kikuu. Wote wataandikwa "anaishi na VVU", lakini hatari ya wa kwanza inakaribiana na ya jirani yake asiye na VVU, na wa pili ndiye wa kuwahishwa hospitali akianza kukosa pumzi. CD4 zikiwa chini ya 200, au VVU vikiwa havijafubazwa, hapo ndipo uzito ulipo.

"Kinga dhaifu ni heri, haileti dhoruba"

Hii ilipendwa na watu wanaosoma kidogo kuhusu tiba. Ni kweli kwamba korona kali huua pia kwa sababu kinga ya mwili inapandisha hasira kupita kiasi (hiyo ndiyo "dhoruba"), na ndiyo maana deksamethasoni, dawa ya kutuliza kinga, iliwaokoa baadhi ya wagonjwa waliohitaji oksijeni. Lakini VVU visivyotibiwa haviilazi kinga. Huiacha ikiwa na uvimbe wa kudumu huku ikipungukiwa na seli za CD4 zinazoratibu mapambano na kusaidia kutengeneza kingamwili. Mwili unabaki na kelele nyingi na nguvu kidogo.

"Korona imeshusha CD4 zangu, dawa zimeshindwa"

Tulia kwanza. Korona hushusha idadi ya seli hizo kwa muda hata kwa mtu asiye na VVU. Ukipima ukiwa bado unaumwa, idadi inaweza kukushtua bure, wakati asilimia ya CD4 imebadilika kidogo tu. Kinachosema kama ARV zinafanya kazi ni kipimo cha wingi wa virusi. CD4 hurudiwa baada ya kupona.

"Chanjo ya korona huleta UKIMWI"

Hakuna chanjo ya korona yenye VVU ndani yake. Ila uvumi huu umejengwa kwa vipande viwili vya habari za kweli, na anayeuzima kwa kicheko haambulii kitu.

Kipande cha kwanza kinatoka Australia. Chuo Kikuu cha Queensland kilitengeneza chanjo ya majaribio iliyotumia kijisehemu cha protini ya VVU ili kushikilia umbo la protini ya korona. Kijisehemu hicho hakiwezi kumwambukiza mtu, lakini miili ya waliojitolea ilikitengenezea kingamwili, na baadhi ya vipimo vya VVU vikasoma chanya kwa watu wasio na VVU. Desemba 2020 mradi ulifungwa, na chanjo hiyo haikufika kwa umma.

Cha pili kinahusu adenovirusi aina ya 5, kirusi cha mafua ya kawaida kinachotumiwa kubeba chanjo. Mwaka 2007 majaribio ya chanjo ya VVU iliyobebwa na adenovirusi hiyo yalisimamishwa, na baadaye ikaonekana kuwa baadhi ya wanaume waliochanjwa waliambukizwa VVU zaidi kuliko wale wa kundi la kulinganisha. Kwa tahadhari hiyo, Oktoba 2021 mamlaka ya dawa ya Afrika Kusini ilikataa kuidhinisha Sputnik V, chanjo ya korona ya Urusi, ambayo sindano yake ya pili hutumia aina ya 5. AstraZeneca ilitumia adenovirusi ya sokwe, Johnson & Johnson aina ya 26, na Pfizer na Moderna hazitumii adenovirusi kabisa.

Mtu mwenye VVU vilivyofubazwa huitikia chanjo vizuri. Mwenye CD4 chini ya 200 huitikia kwa unyonge, na ndiyo sababu WHO ilipendekeza Oktoba 2021 dozi ya ziada kwa wenye kinga dhaifu.

"Aina mpya za korona zinatoka kwa wenye VVU"

Mwanamke mmoja wa KwaZulu-Natal, ambaye VVU vyake havikuwa vimedhibitiwa, alibaki na korona kwa siku 216, na kirusi kikakusanya mabadiliko zaidi ya 30 ndani yake. Wengi huishia hapo. Alipobadilishiwa ARV na VVU vikadhibitiwa, mwili wake uliiondoa korona. Wagonjwa wa saratani ya damu na waliopandikizwa viungo nao wameibeba kwa miezi, bila mtu kuwanyooshea kidole.

"Ni kikohozi cha korona tu"

Kwa mwenye VVU, hili ndilo kosa ninaloliogopa zaidi. Homa na kikohozi vinaweza kuwa korona, kifua kikuu, au nimonia ya pneumocystis, ya fangasi, inayowapata wenye CD4 za chini. Korona kwa kawaida huanza ghafla, ndani ya siku chache. Kifua kikuu huja taratibu, kwa wiki, pamoja na jasho la usiku na kukonda. Mipaka hiyo huvukwa mara kwa mara, hivyo toa makohozi yapimwe hata kama kipimo cha korona kimetoka chanya. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili, na huko Western Cape kuwa na kifua kikuu wakati wa korona kuliongeza hatari ya kufa zaidi ya mara mbili.